Fundi na Mwanafunzi: Historia ya Saiti Iliyoacha Kuwa Darasa

Kila mwaka, majuma machache kabla ya likizo ndefu, mlango wa ofisi yangu hugongwa na vijana wenye bahasha za kaki. Ndani ya bahasha mna barua ya utambulisho ya chuo, yenye muhuri na saini, lakini isiyo na jina la anayeandikiwa. Anayeibeba hupita nayo kwa makandarasi, wakadiriaji majenzi, wahandisi washauri na ofisi za halmashauri, akiomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo, au kama wanavyosema wenyewe, nafasi ya fildi. Mwaka mmoja, binti wa mwaka wa tatu alinijia mafunzo yalipokwisha, daftari mkononi. Lilikuwa limejazwa vizuri mno: leo kukagua nondo, kesho kusimamia umwagaji wa zege, keshokutwa kuandaa hati ya malipo. Nilipomwuliza zege lile lilipimwa na nani kabla ya kumwagwa, aliinamisha kichwa. Alikuwa amepiga hodi kwenye ofisi kumi na moja. Moja tu ilimpokea, ikamweka chumba cha nyuma kupanga mafaili kwa majuma manane. Daftari alilinakili kwa rafiki yake.

Nilimwambia aende akaandike upya kile alichokifanya kweli. Alirudi na kurasa tatu.

Miezi hiyohiyo, katika warsha na mikutano ya wadau, husikika wimbo mmoja kutoka kwa waajiri: wahitimu wa siku hizi hawajaiva. Wanajua fomula lakini hawajui kazi. Wanaweza kuchora ratiba ya mradi kwenye kompyuta lakini hawawezi kumkabili mnyapara mwenye vibarua arobaini. Malalamiko hayo si ya uongo. Tatizo ni hitimisho linalofuata, kwamba kosa liko darasani na dawa yake ni kubadili mtaala. Tumebadili mitaala mara nyingi, na bahasha za kaki zimezidi kuongezeka. Swali ninalotaka tujiulize hapa ni la kihistoria: ni lini, na kwa uamuzi wa nani, mahali pa ujenzi paliacha kuwa shule?

Shina moja la neno

Lugha yetu inakumbuka jambo ambalo taasisi zetu zimelisahau. Neno fundi na neno mwanafunzi yametoka katika shina moja. Kungwi humfunda mwari. Mwalimu humfunza mwanafunzi. Na aliyefundwa hata akaweza kuwafunda wengine ndiye fundi. Kwa Mswahili wa zamani, fundi hakuwa tu mtu wa mikono. Alikuwa mwalimu ambaye darasa lake lilikuwa kazi yenyewe.

Ushahidi umesimama hadi leo katika mwambao. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulianza kujengwa karne nyingi kabla Mreno hajafika, ukapanuliwa katika karne ya 14, na upanuzi huo ukalazimika kujengwa upya katika karne ya 15. Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ni la karne hiyohiyo ya 14. Majengo haya hayakusimama kwa bahati. Katika nyumba za mawe za pwani, upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Ndiyo maana vyumba vya Lamu na Unguja ni virefu lakini vyembamba, kwa kawaida si zaidi ya mita tatu hivi kutoka ukuta hadi ukuta. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la kuni, kisha ikaachwa ikae muda mrefu kabla ya kutumiwa. Mwanagenzi aliyeshiriki kazi hiyo hakujifunza kuchoma chokaa peke yake. Alijifunza pia ratiba, maana kazi ya msimu ujao huanza kwa chokaa ya msimu huu. Alijifunza ununuzi, maana boriti hutoka mbali na huja kwa jahazi linalosubiri upepo. Alijifunza makadirio, maana mwenye nyumba alitaka kujua mapema gharama itafika wapi. Mambo hayo matatu ndiyo leo tunayoyaita usimamizi wa ujenzi na kuyatolea shahada ya chuo kikuu.

Sisemi hivi ili kuipamba enzi ile. Mawe mengi ya majengo hayo yalibebwa na watumwa, ambao hakuna aliyewaita wanafunzi. Ujuzi ulifungwa ndani ya koo na urafiki, na asiye na jamaa katika kazi alibaki nje. Ninachosema ni kwamba anayejua na anayefanya hawakutenganishwa. Utengano huo ulikuja baadaye, na una tarehe zake.

Nyumba ya ghorofa tatu isiyo na ngazi

Ukoloni ulijenga sana kwa kutumia mikono ya Waafrika, lakini haukutaka Mwafrika ajue jengo zima. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Maelfu ya watu wetu walichimba, wakabeba na wakatandika mataruma. Vipimo, hesabu na mikataba vilibaki katika mahema ya wazungu. Waingereza walipoichukua Tanganyika, Idara ya Kazi za Umma iliendeleza mgawanyo huo kwa utaratibu zaidi. Mwafrika angeweza kufanya jaribio la ufundi na kupanda kutoka daraja la tatu hadi la kwanza. Juu ya hapo palikuwa na paa.

Elimu ilipofuata, ilifuata ramani hiyohiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Ifunda, mahali palipokuwa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wakati wa vita, paligeuzwa shule ya ufundi ya kutoa waashi, maseremala na mafundi wengine wa mikono. Mwaka 1957 ilifunguliwa taasisi ya ufundi Dar es Salaam, ambayo baada ya Uhuru ikawa Chuo cha Ufundi cha Dar es Salaam na leo ni Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam. Hapo ndipo alipotoka fundi sanifu, mtu wa katikati. Na kwa Afrika Mashariki nzima, masomo ya juu ya uhandisi, ubunifu wa majengo na ukadiriaji yaliwekwa Nairobi, katika Chuo cha Kifalme cha Ufundi kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka 1956. Aliyetaka kutambuliwa kuwa mkadiriaji majenzi kamili alizikabili taratibu na mitihani ya chama cha taaluma hiyo kilichoko London.

Hivyo elimu ya ujenzi ikawa nyumba ya ghorofa tatu isiyo na ngazi. Chini alikaa fundi mchundo, aliyejua jinsi ya kujenga lakini asijue gharama. Katikati alikaa fundi sanifu, aliyejua kusoma mchoro lakini asiwe na sauti ya kuubadili. Juu alikaa mtaalamu, mwenye mkataba, hesabu na amri. Usimamizi ulikuwa elimu ya ghorofa ya juu peke yake, na ghorofa hiyo ilikuwa na rangi yake ya ngozi. Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha mara kwa mara kwamba wakati wa Uhuru Tanganyika ilikuwa na wahandisi wazalendo wawili na madaktari kumi na wawili. Watu wengi huisoma idadi hiyo kama kipimo cha upungufu. Mimi huisoma pia kama ramani ya jengo: chini palikuwa na maelfu ya mafundi, juu watu wawili, na hapakuwa na njia ya kupanda.

Jaribio la kuweka ngazi

Miaka ya mwanzo ya Uhuru haikuibomoa nyumba hiyo. Katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichodumu kuanzia 1963 hadi 1970, Dar es Salaam ilibeba sheria, Makerere udaktari, na Nairobi uhandisi. Mtanzania aliyetaka kujenga daraja alilazimika kwenda Kenya au ng'ambo. Kwa hiyo, Kitivo cha Uhandisi kilipofunguliwa Mlimani mwaka 1973, kwa msaada mkubwa wa Ujerumani Magharibi, halikuwa jambo la majengo mapya peke yake. Kilizaliwa miaka sita baada ya Elimu ya Kujitegemea, na kilibeba alama yake: mafunzo kwa vitendo, ambayo vizazi vyote vimeyaita PT, yaliwekwa kuwa sehemu ya shahada na si nyongeza ya hiari. Upande wa pili wa kilima, shule ya upimaji ardhi iliyoanza mwaka 1956 ilikua na kuwa Chuo cha Ardhi, ambako fani za ubunifu wa majengo na uchumi wa majenzi zilipata makao nchini.

Mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma. Pamoja na mambo mengine, liliamua kwamba mhitimu wa sekondari asiende moja kwa moja chuo kikuu, bali afanye kazi kwanza na apate mapendekezo ya mahali alipofanya kazi. Tunalikumbuka zaidi kwa lawama, na baadhi ya lawama hizo ni za haki. Liliwaumiza hasa wasichana, hata likalazimika kulegezwa kwao baada ya miaka michache, na mapendekezo ya kazini na ya chama yangeweza kugeuzwa fimbo ya kisiasa. Lakini kwa upande wa ujenzi, azimio lile lilikuwa na matokeo ambayo hayazungumzwi. Mwanafunzi aliyeingia darasani alikuwa amekwisha kuona zege likichanganywa na kusikia fundi akibishana na karani wa stoo. Mhadhiri alipotamka neno ucheleweshaji, kijana yule hakuhitaji kufafanuliwa.

Jambo la maana zaidi ni kwamba saiti zenyewe zilikuwa na mwenyewe anayeweza kuulizwa. Serikali ilikuwa mteja mkubwa, na pia ilikuwa mkandarasi na mshauri. Palikuwa na MECCO, kampuni ya umma ya ukandarasi. Palikuwa na NEDCO, shirika la ubunifu na ushauri. Palikuwa na Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, na wizara ya ujenzi yenye karakana na wafanyakazi wake mikoani. Chuo kilipohitaji nafasi za PT, kilijua mlango wa kubisha. Mwaka 1979 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Baraza la Taifa la Ujenzi, ishara kwamba dola iliiona sekta hii kama kitu kimoja kinachopaswa kulelewa.

Nje ya mfumo huo rasmi, reli ya TAZARA ilikuwa chuo kikubwa kisicho na bango. Kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi zilijengwa na Wachina, Watanzania na Wazambia. Maelfu ya vijana walijifunza kazi ubavuni mwa wataalamu wasiojua Kiswahili, kwa kutazama na kurudia. Wengi walitoka na ujuzi lakini bila karatasi. Nyumba ilikuwa bado haina ngazi: aliyejifunza kwa mikono hakuwa na njia ya kuingia darasani.

Wala tusijidanganye kuhusu mashirika yale. Saruji ilikuwa adimu, miradi ilisimama katikati, na msimamizi wa shirika la umma hakuwa na sababu kubwa ya kuogopa hasara. Mwanafunzi aliyepelekwa kwenye saiti iliyosimama kwa kukosa nondo alijifunza kusubiri. Udhaifu huo ulikuwa wa kweli, na ndio uliotumiwa baadaye kuhalalisha yaliyofuata.

Soko likachukua jengo, likaacha darasa

Mwaka 1986 Tanzania ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa na kuanza mpango wa kufufua uchumi. Katika miaka ya 1990 mashirika ya umma yalirekebishwa, yakauzwa au yakafungwa. Watumishi wa serikali walipunguzwa. Kazi za barabara zilihamishwa kutoka mikono ya idara kwenda kwa makandarasi, na mwaka 2000 Wakala wa Barabara ukaundwa kusimamia mikataba. Nyingi ya hatua hizo zilikuwa na hoja zake. Lakini katika mijadala yote ile ya ufanisi, swali moja halikupata mwenyewe: shirika la umma linapoondoka, nani atabeba kazi yake ya pili, ile ya kufunza?

Dola ilijibu kwa kudhibiti. Mwaka 1997 Bunge lilipitisha sheria tatu mfululizo: Sheria Na. 15 ya usajili wa wahandisi, Na. 16 ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, na Na. 17 ya makandarasi. Makandarasi wa majengo na wa kazi za kihandisi wakapangwa katika madaraja saba. Kila saiti ikatakiwa kuwa na bango lenye majina ya wahusika. Sheria hizi zilileta nidhamu iliyokuwa ikihitajika, na sina nia ya kuzibeza. Lakini usajili humtambua mtu aliyekwisha kuiva, haumwivishi. Bodi huuliza: una uzoefu? Chuo hujibu: tumempa shahada. Kati ya swali na jibu hilo kuna shimo, na humo ndimo anamotumbukia kijana mwenye bahasha ya kaki.

Tumwelewe mkandarasi pia. Mzawa wa daraja la tano au la sita ana mradi mmoja, mashine ya kuchanganyia zege ya kukodi, na hati ya malipo iliyoiva miezi mingi iliyopita ambayo bado hajalipwa. Waajiri wakubwa wanatozwa kodi ya kuendeleza ujuzi, kwa hiyo wanaweza kusema kwamba mafunzo wamekwisha kuyalipia. Mwanafunzi anahitaji kofia ngumu, buti, bima na mtu wa kumwelekeza. Kwa hesabu ya biashara, ni gharama isiyo na mstari katika jedwali la makadirio. Na kisichokuwa na mstari katika jedwali hilo, kila mkadiriaji anajua, hakitekelezwi.

Wakati huohuo vyuo viliongezeka, vya umma na vya binafsi, na madarasa yakajaa. Hilo ni jambo jema. Watoto wa wakulima wanasoma fani ambazo babu zao walizuiwa kuzijua. Lakini tuliongeza viti bila kuongeza saiti. Mhadhiri mmoja leo huwakagua makumi ya wanafunzi waliotawanyika mikoani, kwa nauli ya safari moja. Daftari la kunakili halikubuniwa na mwanafunzi mvivu. Lilizaliwa na mfumo unaodai ushahidi wa kitu usichokitoa.

Siku ya kumwaga zege

Labda msomaji asiye wa fani hii atauliza: kwani kuna nini saiti kisichoweza kufundishwa darasani? Chukua siku moja tu, ya kumwaga zege la jamvi la ghorofa.

Darasani tunafundisha uwiano wa saruji, mchanga, kokoto na maji. Tunafundisha kwamba vipande vya majaribio hupondwa baada ya siku 7 na siku 28 ili kujua nguvu ya zege. Tunafundisha kuchora ratiba. Yote ni kweli na yote ni lazima. Lakini siku yenyewe huanza alfajiri kwa lori la kokoto ambalo halijafika. Saa nne mashine inakufa, na nusu ya jamvi imekwisha kumwagwa. Fundi anaongeza maji ili zege lilainike na kazi iende haraka; ana uzoefu wa miaka ishirini, nawe una miezi miwili. Mawingu yanatanda. Mnyapara anataka kujua kama saa za ziada zitalipwa, la sivyo vibarua wanashuka. Mwenye jengo anapiga simu kuuliza kwa nini umesimamisha kazi. Msimamizi anapaswa kuamua mambo matatu ndani ya dakika kumi: zege likatishwe wapi ili kiungo kisiwe mahali dhaifu, nani alipwe nini, na nini kiandikwe kwenye kitabu cha saiti ili baada ya miezi sita madai ya muda wa nyongeza yawe na ushahidi.

Huo ndio usimamizi wa ujenzi. Ni elimu ya kuamua mbele ya watu, kwa taarifa pungufu, huku kila kosa likigandia ndani ya jengo. Haitolewi kwa slaidi. Hutolewa kwa kusimama mara kumi ubavuni mwa mtu anayeamua, kisha mara ya kumi na moja kuamua mwenyewe huku yeye akiangalia. Bwana fundi wa Lamu angeutambua utaratibu huo mara moja.

Na bei ya kuukosa tunaijua. Asubuhi ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu zaidi ya thelathini. Tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa nne lilianguka Kariakoo, likafukia wafanyabiashara na wateja wao. Sisemi kwamba misiba hii ilisababishwa na wahitimu wabichi. Kila ajali ina sababu zake, na tamaa haifundishwi chuoni. Ninasema kwamba kinga ya mwisho ya jengo lolote ni mtu aliye saitini mwenye ujuzi wa kuona hatari na ujasiri wa kusema simamisheni kazi. Ujasiri huo hautoki katika cheti. Hukuzwa kazini, na kijana ambaye mara ya kwanza kusimama juu ya jamvi ni siku aliyoajiriwa hatathubutu kumzuia mwenye fedha.

Nini kifanyike

Tuna mfano mmoja mzuri wa nyumbani. Mwaka 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi ilianzisha mpango wa mafunzo kazini wa miaka mitatu kwa wahandisi wahitimu, wenye mwelekezi anayejulikana, taarifa za maendeleo na tathmini kabla ya usajili kamili. Huo ni uanagenzi uliorudi ukiwa umevaa suti. Mpango huo unathibitisha kwamba mafunzo yanawezekana pale yanapokuwa na mwelekezi, muda na fedha. Upungufu ni kwamba unaanza baada ya shahada. Kijana wa mwaka wa pili, na kijana wa chuo cha ufundi, bado wamebaki na bahasha.

Naona hatua tatu, na zote ziko ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, mafunzo yapewe mstari wake katika makadirio ya miradi ya umma. Hili si geni. Kwa miaka mingi mikataba ya barabara imekuwa na vipengele vya kulipia elimu ya UKIMWI kwa wafanyakazi na jamii jirani. Makandarasi waliitekeleza kwa sababu ililipwa. Serikali iliyojenga reli ya kisasa, bwawa la Julius Nyerere na daraja la Kigongo hadi Busisi inaweza kuandika katika kila mkataba mkubwa idadi ya wanafunzi watakaopokelewa, majuma watakayokaa, kazi watakazopitia, na kiasi kitakacholipwa baada ya uthibitisho. Watumishi wa umma wanaosoma hapa, hasa ninyi mnaoandaa zabuni, mnajua kwamba mstari huo ni kazi ya mchana mmoja.

Pili, mhadhiri arudi saitini. Tunapandishwa vyeo kwa makala tunazochapisha, si kwa madaraja tuliyosaidia kuyasimamisha. Mimi ni mmoja wa wanaonufaika na kanuni hiyo, kwa hiyo nasema dhidi ya maslahi yangu. Mwalimu wa usimamizi wa ujenzi ambaye hajakaa saitini kwa miaka kumi anafundisha kumbukumbu.

Tatu, ngazi iwekwe ndani ya nyumba. Serikali imekwisha kuanza kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, na mafundi waliojifunza mtaani wamepata vyeti kupitia VETA. Tuende hatua moja mbele: fundi huyo aalikwe chuoni kama mwalimu wa karakana, alipwe kama mwalimu, na akitaka kusoma zaidi asifungiwe mlango. Na mwanafunzi wa shahada aanze mwaka wake wa kwanza akiwa na karai mkononi, si kwa kuadhibiwa, bali ili aliyefundwa na anayefunda wakutane tena.

Watasema gharama ni kubwa na wanafunzi ni wengi. Ni kweli ni wengi. Lakini gharama haikwepeki, tunachagua tu nani ailipe. Leo anailipa mkandarasi anayemfundisha upya mhitimu, mlipakodi anayelipia kazi iliyorudiwa, na mara nyingine mpangaji wa ghorofa ya pili ambaye hakuwahi kusikia neno mtaala. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tumeuacha ufa huu kwa zaidi ya miaka thelathini.

Yule binti wa kurasa tatu alihitimu. Ukurasa wa pili wa taarifa yake ya kweli ulieleza jinsi, alipokuwa akipanga mafaili, alivyosoma barua za mradi mmoja tangu kusainiwa kwa mkataba hadi mgogoro wake, akaona kwamba hasara yote ilianza na maelekezo yaliyotolewa kwa mdomo na hayakuandikwa popote. Ilikuwa ndiyo kazi bora kuliko zote darasani mwaka ule. Alijifunza usimamizi kutoka kwenye vumbi la mafaili, kwa sababu hatukumpa vumbi la saiti. Nawaza angejifunza nini laiti mlango mmoja tu kati ya ile kumi na moja ungefunguliwa kwa sababu mkataba uliutaka ufunguliwe.